Mkataba wa miaka mitatu wa mtoto wa miaka 14

SAA nane na nusu usiku niliamka kunywa maji nikakuta mwanga wa simu sebuleni. Mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka 14, alikuwa kwenye kochi amejifunika shuka, machozi yanamtoka. Nikadhani anaumwa malaria. Nikamgusa paji la uso, halina joto.

“Shangazi, ameumia kiwiko,” akasema. “Na mimi nimemsaini miaka mitatu.”

Ilikuwa Julai mwaka jana. Kaka yangu anaishi Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, na mwanawe alikuwa amekuja Dar es Salaam kwa likizo ya shule. Huyo aliyeumia alikuwa mrushaji wa mpira wa besiboli, mtu ambaye mtoto hajawahi kuonana naye. Asubuhi bibi yake aliposimuliwa habari hiyo, aliweka kikombe cha chai mezani akamwuliza: “Mume wangu, huyo mtu umemsaini kwa hela ya nani?”

Hela ni ya kufikirika. Lakini ugomvi uliofuata kati ya mtoto na baba yake ulikuwa wa kweli. Kwa siku nne mtoto hakupokea simu ya baba yake. Mimi, ambaye nilikuwa nikiuona mchezo huo kama njia nyingine ya kupoteza muda kwenye simu, nililazimika kukaa chini nijifunze kanuni zake moja baada ya nyingine. Nilichokikuta huko nadhani kinawahusu wazazi wengi.

Si ile ya kila Agosti

Wengi wetu tunaijua Fantasy Premier League, au tuna kijana nyumbani anayeicheza. Unachagua wachezaji 15 halisi wa Ligi Kuu ya Uingereza kwa bajeti ya pauni milioni 100 za kufikirika, usizidishe watatu kutoka klabu moja, na wanachofanya uwanjani kinakupa pointi. Msimu ukiisha Mei, kila kitu kinafutwa. Agosti wote mnaanza upya, na makosa yako yote ya mwaka uliopita yamesahaulika.

Besiboli ndiyo iliyoupa umaarufu mchezo wa namna hii. Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na wenzake waliokuwa wakikutana kwenye mgahawa wa La Rotisserie Française, New York, walianza ligi yao. Kila mmoja alinunua kwa mnada wachezaji halisi kwa bajeti yenye kikomo. Klabu za Marekani hucheza mechi 162 kila moja kati ya mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba, kwa hiyo karibu kila siku kuna hesabu mpya ya kufuatilia.

Wale wazee waliweka pia kanuni ya mikataba. Mchezaji uliyemnunua ungeweza kukaa naye miaka miwili kwa bei ileile. Kabla ya mwaka wa tatu ulitakiwa kuamua: umwachie, ukae naye mwaka mmoja wa mwisho kwa bei hiyo, au umwongezee mkataba. Ukimwongezea, kila mwaka unaozidi huo wa tatu unapandisha mshahara wake kwa dola 5. Mchezaji wa dola 6 ukitaka kumfunga miaka miwili zaidi, anakuwa wa dola 16 kuanzia mwaka huo wa tatu hadi mkataba uishe. Ukimtaka kwa muda mrefu, ulipe.

Kutokana na mbegu hiyo zimeota ligi ambazo Wamarekani huziita za nasaba, yaani timu yako haifi msimu ukiisha. Wachezaji unabaki nao, mikataba inaendelea, na madeni yanaendelea pia.

Kanuni za ligi ya kaka

Ligi ya kaka yangu ina timu kumi: yeye, mwanawe, binamu zetu wawili na marafiki wa kazini. Kaka ndiye kamishna. Kanuni zao zimejaa kurasa tatu, lakini msingi wake ni huu.

Kila timu ina wachezaji 23 wa kucheza, saba wa benchi, na nafasi kumi za chipukizi, yaani vijana ambao bado wako kwenye ligi za chini. Chipukizi hana mshahara mpaka siku atakapoitwa ligi kuu. Mtoto aliniambia ana kijana mmoja wa miaka 18 ambaye hategemei kumtumia kabla ya miaka minne. Nilicheka. Baadaye nikajiuliza ni mambo mangapi mengine mtoto wa miaka 14 anayapangia miaka minne.

Jumla ya mishahara haizidi dola 260. Baada ya mnada wa Machi, kila mmoja anaandika mkataba wa kila mchezaji: mwaka mmoja, miwili au mitatu. Ya miaka mitatu haizidi mitano kwa timu. Ukimwachia mchezaji kabla mkataba haujaisha, nusu ya mshahara wake inabaki kwenye hesabu yako kila mwaka uliosalia, na yeye hayupo.

Hapo ndipo mtoto alipobanwa. Alikuwa amemnunua mrushaji wake kwa dola 30, akamsaini miaka mitatu. Julai ya mwaka wa kwanza, kiwiko kikaachia. Baada ya siku chache ikatangazwa kwamba atafanyiwa upasuaji.

Kiwiko kinahitaji muda

Huku nilikuwa nyumbani kwangu, maana afya ndiyo kazi yangu. Ndani ya kiwiko kuna kano inayounganisha mfupa wa juu wa mkono na mmoja wa mifupa ya chini. Mrushaji anaporusha mpira kwa nguvu zake zote, kano hiyo ndiyo inayovutwa zaidi, na ikivutwa namna hiyo miaka mingi inaweza kukatika. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili wa mrushaji Tommy John, akaipandikiza kiwikoni. John alirudi uwanjani 1976 akacheza mpaka 1989. Upasuaji huo mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Kurudi huchukua kwa kawaida miezi 12 hadi 18. Kwa hiyo mchezaji wa mtoto wetu angekosa karibu mwaka mzima wa pili wa mkataba, na huenda angerudi mwaka wa tatu.

Tulichukua daftari tukapiga hesabu. Akimwachia, analipa dola 15 kwa miaka miwili, jumla dola 30, bila kupata kitu. Akibaki naye, analipa dola 60, anapata mwaka mmoja wa mchezaji ambaye hajui atarudi akiwa na nguvu gani. Njia zote mbili zinauma. Hakuna aliyemdanganya, saini ni yake mwenyewe.

Nilimkumbusha habari ya Shohei Ohtani, ambaye anamjua kuliko mimi. Ohtani alifanyiwa upasuaji wa kiwiko Oktoba 2018, na tena Septemba 2023. Desemba 2023, mkono ukiwa bado unapona, klabu ya Dodgers ilimpa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 700, ambazo milioni 680 kati yake atalipwa baada ya miaka hiyo kumi kwisha. Mwaka 2024 hakurusha mpira hata kwenye mechi moja ya msimu. Lakini kwa kupiga, aliuvusha mpira nje ya uzio mara 54 na kuiba vituo mara 59. Akarudi kurusha Juni 2025.

“Shangazi, huyo ni Ohtani,” akanijibu. “Wangu hata hapigi.”

Alikuwa sahihi. Si kila majeruhi anarudi kuwa yule aliyekuwa, na subira haileti malipo kila mara. Mtoto wa miaka 14 anaweza kuambiwa ukweli huo.

Baba au kamishna?

Alichokitaka mtoto ni kitu kimoja: baba yake, kama kamishna, afute mkataba. Alisema kuumia si kosa lake. Kaka alikataa. Alisema klabu halisi zinaendelea kumlipa majeruhi mshahara wake wote. Zinachoruhusiwa ni kumweka kwenye orodha ya majeruhi: siku 10 kwa wapigaji, 15 kwa warushaji, au 60 kwa walioumia sana, ili nafasi yake itumike na mwingine. Ligi yao ina nafasi tatu za namna hiyo, na mtoto alikuwa nayo moja wazi.

“Wewe ni baba yangu,” mtoto akamwambia kwenye simu.

“Ndiyo maana siwezi,” kaka akajibu. Simu ikakatwa upande wa huku.

Inabidi nieleze kilichokuwa nyuma ya maneno hayo. Kaka anafanya kazi ghalani, zamu za usiku. Anaporudi, mtoto anakwenda shule. Mtoto anaporudi, baba amelala. Kwa miaka miwili, ligi hiyo ndiyo iliyokuwa mazungumzo yao: ujumbe wa alfajiri kuhusu nani kaumia, nani kaitwa kutoka ligi ya chini. Mtoto alipoacha kupokea simu, mazungumzo yote yalikatika. Siku ya tatu kaka alinipigia akaniuliza kama alikuwa amekosea. Nilimwambia sijui. Ningekuwa mimi, huenda ningefuta ule mkataba.

Aliyesema neno ni bibi. Hakuelewa kiwiko wala dola 260. Alielewa kwamba kuna watu wengine wanane kwenye ligi hiyo, kila mmoja na saini zake. “Baba yako akikufutia wewe, wale wengine nani atawafutia?” alimwuliza mjukuu wake wakichambua mchele. “Ahadi ni deni. Lakini deni likiwa zito, watu hukaa kikao.”

Jioni hiyo mtoto aliandika ujumbe mrefu kwenye kundi la ligi. Hakuomba kufutiwa. Alipendekeza kanuni mpya: mchezaji akikaa orodha ya siku 60, nusu tu ya mshahara wake ihesabiwe kwa muda huo. Ligi ilijadili Novemba, msimu ulipokwisha. Ilipita kwa kura saba dhidi ya tatu, kwa sharti kwamba itahusu mikataba mipya tu. Mkataba wake ulibaki dola 30. Yeye mwenyewe alipiga kura ya ndiyo, na mrushaji wake hakumwachia.

Usingizi na mikeka

Kuna mambo mawili ambayo mzazi asiyafumbie macho.

La kwanza ni usingizi. Mechi inayoanza saa moja jioni Ohio, hapa ni saa nane usiku. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Tulikubaliana simu ilale chumbani kwa bibi kuanzia saa nne, na matokeo yasomwe asubuhi. Siku mbili za kwanza alinuna.

La pili ni kubeti. Ligi ya familia haina kiingilio wala zawadi ya fedha. Lakini kurasa zinazoonyesha matokeo mara nyingi zina matangazo ya kubeti, na zipo fantasi za kila siku zinazochezwa kwa fedha taslimu. Kwa sheria zetu, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari. Mtoto anapokwambia “ni fantasi tu”, mwulize maswali mawili: inalipiwa? Na inaisha leo au mwakani?

Kabla hamjaanza yenu

Kama familia yenu inataka kujaribu, iwe ya besiboli au ya soka, haya yaandikwe mapema:

1. Ukubwa wa kikosi na nafasi za chipukizi. Anzeni na wachache, mtaongeza mwakani.

2. Urefu wa mikataba, na idadi ya mikataba mirefu kwa kila timu. Bila kikomo, mwenye bahati mwaka wa kwanza atawafunga wengine miaka mitano.

3. Gharama ya kumwachia mchezaji. Isiwe bure, wala isiwe ya kumkatisha mtoto tamaa.

4. Majeruhi: nafasi ngapi, na mshahara wao unahesabiwaje. Amueni kabla mtu hajaumia.

5. Kanuni hubadilishwa lini. Ubora wa ligi ya kaka ni huu: hubadilishwa msimu ukiisha, kwa kura, na hazirudi nyuma.

6. Nani kamishna. Kama ni mzazi, wengine wawe na haki ya kumpinga kwa kura.

Mtoto alirudi Columbus mwishoni mwa Agosti. Mwezi uliopita alinitumia video ya sekunde chache: mrushaji wake amesimama kwenye uwanja wa mazoezi, anarusha mpira polepole kwa mwenzake aliye hatua chache mbele yake. Chini yake alikuwa ameandika, “Shangazi, mwambie bibi anaendelea vizuri.”

Nilimwonyesha bibi. Aliitazama mara mbili, akauliza kama huyo kijana ameshaoa.