Je, Wajua? Kwa Nini Seli za Betri Kutoka China Hukawia Njiani

Kuanzia Mombasa hadi Kigoma, mafundi wa sola na waunda betri za bodaboda wanaagiza seli za lithiamu kutoka China. Hulipa leo, kisha husubiri mwezi, miezi miwili, wakati mwingine zaidi, huku mteja akipiga simu kila jioni. Lawama humwangukia muuzaji au posta. Lakini sehemu kubwa ya kusubiri huko imo ndani ya kanuni za usafirishaji, na ni haki ya mnunuzi kuzijua kabla hajatoa pesa yake.

Je, wajua kwamba seli ya lithiamu, hata ile ndogo ya tochi, huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari wa kundi la 9? Umoja wa Mataifa umezipa seli na betri za lithiamu-ioni namba mbili: UN3480 zikisafiri peke yake, UN3481 zikiwa ndani ya kifaa au zimefungwa pamoja nacho. Tarakimu hiyo moja ya mwisho ndiyo inayoifanya simu mpya ifike kwa ndege upesi, huku seli nne tupu, yaani zisizo na kifaa, zikikaa ghalani Shenzhen.

Je, wajua kwamba seli hizo tupu haziruhusiwi kusafirishwa kama shehena kwenye ndege ya abiria? ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa anga, liliweka marufuku hiyo kuanzia tarehe 1 Aprili 2016. Vifurushi vingi vidogo kutoka Asia husafiri chini ya miguu ya abiria, ndani ya matumbo ya ndege za kawaida. Ukinyimwa nafasi hiyo, unabaki na ndege za mizigo pekee, nazo ni chache na hazitui kila siku kwenye kila kiwanja.

Marufuku hiyo haikutoka hewani. Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliondoka Dubai kuelekea Cologne, Ujerumani, ikiwa imebeba betri za lithiamu kwa makumi ya maelfu. Dakika 20 na ushei baada ya kupaa, kengele ya moto ililia. Marubani waligeuza kurudi Dubai, lakini moshi uliingia chumba chao hadi wakashindwa kuona vipimo vilivyokuwa mbele yao. Ndege ilianguka karibu na mji na wote wawili walikufa. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Julai 2011, ndege ya mizigo ya Asiana iliyokuwa na betri za lithiamu na vimiminika vinavyowaka ilishika moto na kuanguka baharini karibu na kisiwa cha Jeju, Korea Kusini, na marubani wake wawili wakafa. Wanaosema kanuni za betri ni urasimu wa kuwasumbua wafanyabiashara wawakumbuke watu hao wanne.

Na kwa nini moto huo hauzimiki? Gesi ya haloni iliyomo kwenye mifumo ya kuzimia moto ya ndege huua miali ya moto, lakini haizuii joto kuruka kutoka seli moja hadi jirani yake. Seli inayochemka humwaga gesi inayowaka, huipasha ya pili, nayo ya pili huipasha ya tatu.

Je, wajua kwa nini seli mpya haifiki ikiwa imejaa chaji? Tangu 2016 hiyohiyo, seli zinazosafiri peke yake kwa ndege hazitakiwi kuzidi asilimia 30 ya chaji, kwa sababu seli yenye chaji ndogo si rahisi kuambukiza moto kwa jirani. Kwa bahati njema, chaji ndogo pia huihifadhi seli vizuri, hivyo mwezi mmoja wa kusubiri ghalani hauiui seli iliyo nzima. Ukipokea mzigo, pima kila moja kwa mita kabla ya kitu kingine chochote. Seli ya kawaida ya lithiamu-ioni huwa karibu na volti 3.6, na ya lithiamu chuma fosfeti karibu na volti 3.2. Iliyoshuka chini ya volti 2 imekuwa na tatizo kabla ya kukufikia. Usiichaji kwa nguvu ukitumaini itafufuka.

  

Je, wajua kwamba kanuni za Umoja wa Posta Duniani haziruhusu seli tupu za lithiamu kutumwa kwa posta ya kimataifa? Zinazokubalika ni zile zilizofungwa ndani ya kifaa, tena zisizidi seli nne au betri mbili kwa kifurushi. Kwa hiyo muuzaji anayekuahidi seli 20 kwa posta ya bure ana njia mbili tu: atumie kampuni ya mizigo yenye kibali na agharamie mwenyewe, au afiche. Wengi hufichia kwenye karatasi ya forodha, wakaandika kwamba ni vipuri au vifaa vya kuchezea. Mashine ya eksirei haidanganyiki kwa karatasi. Kifurushi hushushwa, hurudishwa kwa aliyetuma au huteketezwa, na wewe huku unaona ujumbe uleule kwenye simu kwa wiki tatu.

Ujumbe huo nao usomwe vizuri. Namba ya kufuatilia mzigo hutolewa muuzaji anapojaza fomu kwenye kompyuta, kabla kifurushi hakijatoka mezani kwake. Ukiandikwa kwamba taarifa za usafirishaji zimepokelewa, hakuna aliyeshika mzigo bado. Subiri neno linalosema kifurushi kimepokelewa na msafirishaji mahali fulani, kwa jina la mji. Lisipokuja ndani ya wiki moja, uliza. Usiridhike na jibu la “subiri kidogo rafiki”.

Je, wajua kwamba kuna nafuu iliyofutwa mwaka 2022, na maduka mengi yanaendelea kuahidi muda wa zamani? Hapo awali kifurushi chenye seli ndogo zisizozidi nane kingeweza kupanda ndege ya mizigo bila tamko rasmi la mzigo wa hatari. Tangu Aprili 2022 seli tupu zote zinazopanda ndege zinahitaji tamko hilo, pamoja na mfungaji aliyepata mafunzo. Baharini mambo ni tofauti: seli isiyozidi wati-saa 20 bado husafiri kwa masharti mepesi. Ndiyo maana kwa seli ndogo nyingi, meli ambayo kila mtu anaiogopa kwa mwendo wake wa polepole mara nyingine humaliza safari kabla ndege haijapatikana.

Hesabu ya wati-saa ni rahisi na kila fundi aifanye mwenyewe: zidisha volti kwa ampea-saa. Seli ya 18650 yenye volti 3.6 na ampea-saa 3.5 ina wati-saa 12.6, chini ya mpaka. Sasa chukua ile seli kubwa ya mstatili wanayoipenda mafundi wa sola, ampea-saa 280 kwa volti 3.2. Hiyo ni wati-saa 896. Imeupita mpaka wa 20 zaidi ya mara 40, kwa hiyo hata melini ni mzigo wa hatari kamili. Seli 16 za kuunda betri ya volti 51.2 zina uzito wa kilo 80 na zaidi, na kwenye ndege ya mizigo boksi moja halitakiwi kubeba zaidi ya kilo 35 za betri. Muuzaji anayesema atakuletea seti nzima kwa ndege ndani ya siku 10 kwa bei ya chini anastahili maswali magumu.

Je, ndugu anayerudi kutoka Guangzhou anaweza kukubebea? Seli chache za 18650 kwa matumizi yake mwenyewe, ndiyo, kwenye mkoba wa mkononi, kila moja ikiwa imekingwa ncha zake zisipige shoti. Kwenye begi linalokaguliwa na kushushwa chini, hapana kabisa. Mpaka wa kawaida ni wati-saa 100 kwa betri. Kati ya 100 na 160 anahitaji ruhusa ya shirika la ndege, na juu ya 160 hakuna mjadala. Seli ya wati-saa 896 usimbebeshe mtu unayempenda.

Je, wajua seli hupita mateso gani kabla ya kuruhusiwa kusafiri? Jaribio linaitwa UN 38.3, nalo lina sehemu nane. Seli huwekwa kwa saa 6 au zaidi ndani ya chumba chenye kanieneo ndogo ya kilopaskali 11.6, kama hewa ya juu sana angani. Hupelekwa kwenye joto la nyuzi 72, kisha baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, zamu baada ya zamu, mara 10. Hutikiswa kwa masafa mbalimbali. Hugongwa ghafla. Hupigwa shoti ya makusudi, huangushiwa chuma au kuminywa. Betri za kuchaji hujazwa kupita kiasi, na seli hulazimishwa kumaliza chaji hadi kugeuka. Kati ya masharti ya kufaulu: isiwake wala isipasuke.

Hapa ndipo mnunuzi ana silaha ambayo wachache huitumia. Tangu tarehe 1 Januari 2020, mtengenezaji na msambazaji wanalazimika kutoa muhtasari wa jaribio hilo kwa anayeuhitaji. Uombe kabla ya kulipa. Utazame kama jina la kiwanda na modeli vinalingana na seli unayonunua, maana kampuni ya meli italinganisha hivyohivyo. Muuzaji wa kweli anao kwenye kompyuta na huutuma siku hiyohiyo. Asiyekuwa nao ataanza kuutafuta mzigo ukiwa tayari bandarini, na hizo ndizo wiki zako zinazopotea.

Je, wajua kwamba meli inayokuletea seli haipiti Bahari ya Shamu? Kutoka Shenzhen, Ningbo au Shanghai, njia ya Mombasa na Dar es Salaam hupitia mlangobahari wa Malacca, kisha hukata Bahari ya Hindi. Hata hivyo Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, walipoiteka meli ya Galaxy Leader kwenye bahari hiyo tarehe 19 Novemba 2023 na mashambulizi yakaendelea, meli nyingi za Asia na Ulaya zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Safari ndefu hula meli na makontena mengi zaidi, na upungufu huo ulisambaa hadi kwenye njia zisizo na vita. Mswahili aliyeagiza seli akiwa London au Berlin ndiye aliyepigwa moja kwa moja.

Kukawia kwingine hutokea kabla meli haijang'oa nanga. Wanaochanganya mizigo ya watu wengi kwenye kontena moja husubiri lijae, na mzigo wa hatari hauchanganywi na kila kitu. Kampuni ya meli nayo inaweza kukataa. Tarehe 23 Septemba 2024 kontena lenye kilo 15,000 hivi za betri za lithiamu liliungua bandarini Montreal, Kanada, na wakazi wa karibu wakaambiwa wakae ndani. Siku tatu baadaye lori lenye betri za lithiamu lilipinduka kwenye bandari ya Los Angeles, na baadhi ya gati zikafungwa. Nahodha anayeuliza maswali mengi juu ya mzigo wako ana sababu.

Kalenda nayo isisahaulike. Mwaka Mpya wa China ulianguka tarehe 17 Februari 2026, na mwaka 2027 utaanguka tarehe 6 Februari. Viwanda hufunga, wafanyakazi husafiri makwao, na wengi hawarudi kazini mara sikukuu inapokwisha. Wiki ya kwanza ya Oktoba pia ni mapumziko ya taifa. Agizo la katikati ya Januari liko hatarini kulala hadi Machi.

Ukaguzi nao huchelewesha: Tanzania na Kenya zina mpango wa kukagua bidhaa kabla hazijatoka nchi ya asili, chini ya mashirika yao ya viwango, TBS na KEBS. Kontena likifika bandarini bila cheti cha ulinganifu, ukaguzi hufanyika hapa, gharama huongezeka na siku za kugomboa hurefuka. Uliza wakala wako wa forodha wakati seli bado ziko kiwandani.

Je, wajua kwamba kuchelewa humfaa muuzaji wa seli bandia? Namba 18650 inamaanisha kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ndani ya kopo hilo dogo, seli nzuri za viwanda vinavyoaminika zimekuwa karibu na mAh 3,500 (yaani ampea-saa 3.5), zikiwa na uzito wa gramu 45 hadi 50. Inayoandikwa mAh 9,900 ni uongo mtupu, na mizani ya jikoni mara nyingi huanza kuufichua. Lakini mizani hupima kilichofika. Kila wiki ya kusubiri hula muda wa kudai uliopewa na duka la mtandaoni, na muuzaji anapokuomba ufunge dai kwa sababu “mzigo uko karibu”, anaomba muda huo uishe. Fungua dai kabla ya tarehe ya mwisho, omba muda uongezwe kwa maandishi ndani ya mfumo wa duka, na mazungumzo yote yabaki humo.

Na seli ikifika imevimba au inavuja? Kanuni za anga zinakataza betri iliyoharibika au yenye kasoro ya hatari kusafirishwa kwa ndege, hata ya mizigo. Muuzaji anayesema “irudishe kwanza ndipo nikulipe” anakupa sharti ambalo hata yeye hawezi kulitimiza. Rekodi video unapofungua boksi, anwani na namba ya mzigo zikionekana, kisha piga picha ya mita ikisoma volti za kila seli mbovu. Dai pesa, usidai kubadilishiwa, kwa sababu seli ya badala itapangiwa foleni ileile kuanzia mwanzo.