Je, Wajua Kinga ya Mtandao Yafaa Isimame Wapi?

Tangu Oktoba hadi Machi, papa potwe wanapokaribia ufuko wa Kilindoni kufuata chakula chao, na wageni wa pande zote za dunia wanapokuja kuwafuata papa hao, kisiwa cha Mafia huwa na biashara ambayo wazee wa zamani, waliozoea kuhesabu mali kwa nazi na samaki wakavu, hawakupata kuijua. Mgeni aliye Muscat au Milano huchagua chumba cha Utende kwa ncha ya kidole na kulipa kabla hajapanda ndege. Na mwenye nyumba ya wageni, na wakala wa fedha za simu, na karani anayengoja kumbukumbu namba ili alipe ada ya Serikali, wote hutegemea seva ambazo hawajapata kuziona na ambazo aghalabu hazimo kisiwani. Siku seva isipoitika, kitanda kimetandikwa na chombo kimeshatiwa mafuta, walakini hapana njia ya kuuza wala kununua.

Kwamba kimya hicho chaweza kuletwa kwa makusudi, Afrika Mashariki ilikwisha kuonyeshwa Julai 2023, pale kundi lililojiita Anonymous Sudan lilipoielemea eCitizen, lango ambalo raia wa Kenya hupitia kuomba pasipoti, leseni na maelfu ya huduma nyingine. Waziri Eliud Owalo alikiri shambulio hilo tarehe 27 ya mwezi huo, akieleza kwamba mfumo ulizidishiwa maombi kupita kiasi na kwamba hapana data iliyopotea. Na wageni walioshindwa kupata viza mtandaoni wakaahidiwa kupewa watakapowasili. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kuwashtaki ndugu wawili raia wa Sudan, wakidai kwamba chombo chao kilitumika kwa mashambulio zaidi ya 35,000.

Yafaa tuitazame kwa karibu hila mojawapo, kongwe na sahili. Mashine inayotaka kuzungumza na seva huanza kwa pakiti ndogo ya kubisha hodi. Seva huitika, hutenga nafasi katika kumbukumbu yake kwa ajili ya mgeni huyo, kisha hungoja itiko lake la mwisho ndipo mazungumzo yaanze. Mshambuliaji hupeleka hodi maelfu kwa maelfu kutoka anwani za uongo, na itiko la mwisho haliji kamwe, hata nafasi zote zikajaa wageni wasiokuwapo na mteja wa kweli akakosa pa kuingia. Hivyo ndivyo Panix, kampuni ya huduma za mtandao ya New York, ilivyoelemewa Septemba 1996. Na mwezi huo huo mwanahisabati Daniel J. Bernstein akatoa dawa ambayo mimi naihesabu miongoni mwa hila nzuri kabisa za elimu hii: seva isitenge nafasi yoyote, bali iifumbe habari ya mgeni, kwa hesabu ya siri, ndani ya namba ya jibu inalompelekea, na mgeni akirudi na namba hiyo ndipo akubaliwe. Dawa hiyo imo ndani ya Linux, na haina bei.

Lakini hiyo hutibu ujanja, haitibu wingi. Tarehe 28 Februari 2018 GitHub, ghala kubwa la waandishi wa programu, ilimiminiwa terabiti 1.35 kwa sekunde, na wingi huo haukutoka katika mashine za mshambuliaji mwenyewe, bali katika seva za watu wengine zilizoachwa wazi kwa uzembe, ambazo zikiulizwa swali moja dogo kwa jina la uongo zaweza kumrudishia mwenye jina hilo jibu kubwa mara 51,000 kuliko swali.

Hapo ndipo swali la mahali linapolishinda swali la nguvu, na watu wa Mafia wana historia inayolieleza vyema kuliko mchoro wa fundi. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika delta ya Rufiji, mkabala wa kisiwa hiki. Novemba Waingereza wakaizamisha meli ya makaa iitwayo Newbridge katika mlango mmoja wa delta, wakaivizia milango mingine kwa merikebu zao, na Januari 1915 wakakitwaa kisiwa cha Mafia, ambacho baadaye ndege zao zilirukia. Königsberg ilikuwa na mizinga kumi ya sentimita 10.5, yote mizima, nayo haikuifaa kitu kwa kutokea baharini, kwa kuwa njia ilizibwa mbali na mizinga hiyo. Julai chombo kikaangamia. Mizinga ikaopolewa, ikaburutwa barani, na huko ikapata kazi.

Ndivyo yalivyo masanduku ya kinga yanayouzwa ili yafungwe mlangoni pa biashara, kama FortiDDoS ya Fortinet, DefensePro ya Radware, au Arbor Edge Defense ya NETSCOUT. Si vyombo hafifu: huziona pakiti ziingiazo na zitokazo, huzitambua hodi za uongo na maombi ya polepole yanayokusudiwa kuichosha seva, na hukata shauri papo hapo bila siri za wateja kutoka nje ya nyumba. Lakini tuseme hoteli ina njia ya megabiti 100 kwa sekunde, nayo ikaelekezewa gigabiti moja: njia imeshajaa kabla pakiti hazijalifikia sanduku, na kilichobaki cha kuchuja ni kidogo mno.

Kwa hiyo mafuriko hukingwa juu, kwenye njia pana. Prolexic, iliyoanzishwa 2003 na kununuliwa na Akamai 2014, ndiyo iliyopokea mafuriko ya GitHub, na ghala hilo likatetereka kwa dakika zisizozidi kumi. Kampuni za namna hii zina njia mbili za kazi. Ya kwanza hubadilisha anwani iliyofungamana na jina la tovuti, ili kila mgeni apite kwao kwanza. Ya pili hutangaza anwani zote za biashara kana kwamba ni zao, ikasafisha kila kitu. Ila mtandao wa dunia kwa desturi haukubali tangazo la fungu lililo chini ya anwani 256, na nyumba ya wageni ya Utende haina hata kumi. Kwa upande wa bei, huduma ya kinga ya AWS Shield Advanced hudai dola 3,000 kwa mwezi na ahadi ya mwaka mzima. Cloudflare, kampuni nyingine ya kinga, tangu 2017 haitozi kwa ukubwa wa shambulio hata kwa mteja asiyelipa. Benki na ichanganye sanduku la mlangoni na kinga ya juu. Mwenye vyumba vinane, kwa maoni yangu, atosheke na njia ya kwanza, na fedha zake akanunulie sola.

Wauzaji hupenda kutaja terabiti; mnunuzi na aulize kwanza kituo cha karibu kiko wapi. Kikiwa Frankfurt, ombi litokalo Kilindoni kwenda kwa seva iliyo Dar es Salaam litazuru Ulaya kwanza, ilhali Cloudflare ina kituo Mombasa. Wala tusiishitaki kila taksiri kuwa ni shambulio: nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini tarehe 12 Mei 2024, mtandao wa Tanzania ulikwama kwa sehemu kubwa, na hapana chombo katika hivi nilivyovitaja ambacho kingesaidia.

Yapo pia ya kumwuliza anayekuuzia njia ya mtandao, hususa hili: nikishambuliwa utanifanyia nini? Wengi huitupa shimoni kila pakiti inayoielekea anwani yako, chafu na safi pamoja, ili wateja wao wengine wasalimike, na kwa hiyo humkamilishia adui kazi yake. Kisha seva ikishawekwa nyuma ya kinga, na ipewe anwani mpya, na faiawoli iamriwe kupokea pakiti za kampuni ya kinga peke yake; maana anwani ya kale husalia katika daftari za majina zilizo wazi kwa kila mtafutaji, na hata hiyo mpya yaweza kutangazwa na barua pepe ya kwanza ambayo seva hiyo hiyo itamwandikia mgeni kumthibitishia chumba.