Kuhara Kupi?

Kiswahili hutenga kuhara, kuhara damu na kipindupindu. Utengano huo si pambo la lugha. Ni mwongozo wa tiba. Hata hivyo, mtu mzima akishikwa na tumbo sokoni Naitiri, aghalabu hukimbilia duka la dawa kununua Flagyl au kiuavijasumu kingine, awe anahara maji au damu.

Kuhara maji pasipo damu wala homa kali mara nyingi huletwa na virusi, visivyouawa na dawa hizo, nako hukoma kwenyewe baada ya siku chache. Tiba yake ni kunywa: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Anayehara damu, hasa akiwa na homa, na aende hospitali. Huyo huenda akahitaji kiuavijasumu. Kadhalika mgonjwa wa kipindupindu aliyezidiwa, ingawa kwake pia maji hutangulia.

Kila kidonge kimezwacho bure huwazoesha bakteria ukaidi. Shigela, waletao kuhara damu, wamekwisha kuzishinda dawa kadhaa za zamani. Basi mwalimu, ufundishapo msamiati, waulize wanafunzi: kuhara kupi?