Usitie Sahihi Mapema

Mwanachama mmoja wa chama chetu alirudi kutoka benki na hundi yake mkononi, haikulipwa. Ilikuwa ya mkopo. Kwenye kisanduku cha tarakimu tuliandika 84,000. Kwenye mstari wa maneno, "shilingi elfu themanini". Watia sahihi tulikuwa watatu na hakuna aliyeliona kosa, maana tulitia sahihi kwanza, mengine yakajazwa baadaye.

Sheria ya Kenya kuhusu hundi inasema maneno na tarakimu zikipingana, maneno ndiyo yanayofuatwa. Lakini karani wa benki hajitii katika ubishi huo, hundi huirudisha. Na maneno ya Kiswahili yana udhaifu wake. Ukiandika "shilingi elfu nane" ukaacha nafasi, mwenye hila ataongeza "mia tisa" mwishoni, au "laki moja na" mwanzoni. Kwa hiyo anza kuandika pale mstari unapoanzia, funga kwa neno "tu", kisha upige mstari hadi ukingoni.

Upande wa nyuma nao una mambo yake. Aliyelipwa akitia sahihi huko bila neno jingine, amewapa idhini watu wote: hundi hiyo sasa inaweza kulipwa kwa yeyote aliyeishika, hata aliyeiokota kwenye matatu. Akitaka kumpa mtu fulani, aandike "Mlipe" na jina la mtu huyo, ndipo atie sahihi, jina lake mwenyewe likiwa vile vile lilivyoandikwa mbele. Mistari miwili ya mshazari mbele ya hundi hubadilisha mambo: fedha hazitolewi taslimu dirishani, lazima zipitie akaunti. Ikiongezwa amri ya kumlipa mwenye jina peke yake, benki huziweka katika akaunti yake tu. Kwa fedha za chama, mimi nisingetoa hundi isiyo na mistari hiyo.

Tulipoketi kuiandika hundi yetu upya, tukaisoma na hati ya mkopo. Ilisema "riba asilimia 10%". Asilimia na % ni kitu kimoja; andika "asilimia 10" au "10%", basi. Hilo ni kosa la lugha. Kosa la fedha lilikuwa kubwa zaidi: muda haukutajwa. Asilimia 10 ya 84,000 ni 8,400. Ikiwa ni kwa mwaka, hiyo ndiyo riba yote ya mwaka. Ikiwa ni kwa mwezi, baada ya miezi 12 riba ni 100,800, kupita mkopo wenyewe.

Hata magazetini alama ya % hutumiwa vibaya. Ushuru wa VAT nchini Kenya ulipotoka 14% kurudi 16% Januari 2021, haikuwa sahihi kusema umepanda kwa asilimia 2. Ulipanda kwa pointi 2, yaani karibu asilimia 14.3 ya kiwango kilichokuwepo. Anayelipa anastahili kuelezwa tofauti hiyo.

Hati yetu sasa inasema "asilimia 10 kwa mwaka". Hundi mpya ilijazwa tarehe, jina, maneno na tarakimu, ikasomwa kwa sauti mbele ya mwanachama mwenyewe. Sahihi zetu tatu zilikuja mwisho. Kama chama chenu kina kitabu cha hundi kilichotiwa sahihi mapema, kifungueni leo mzifute kurasa hizo.