Nyumba ya Mgonjwa ni Mahali pa Kazi

Mtu akiumia kiwandani, msimamizi yupo, wenzake wapo, na daftari la ajali lipo. Muuguzi akichomwa sindano chumbani kwa mgonjwa, mbali na kituo cha afya, ni nani aliyeona? Ndiyo maana waajiri wengine huihesabu kazi ya majumbani kuwa ni matembezi tu.

Hapa Uganda kazi hii si ya jana. TASO ilipoanzishwa mwaka 1987 kuwasaidia wenye UKIMWI, wahudumu waliwafuata wagonjwa makwao. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na wauguzi wake wakapeleka mofini ya maji mpaka vitandani mwa wagonjwa wa saratani. Leo wapo pia wahudumu wa afya wa vijijini, wengi wao wa kujitolea. Wote huingia peke yao katika nyumba wasizozijua.

Nianze na sindano. Kati ya watu 1,000 waliochomwa na sindano yenye damu ya mwenye VVU, kama 3 huambukizwa. Homa ya ini B ni kali zaidi: kwa asiyechanjwa, hatari yaweza kufika watu 30 katika kila 100. Chanjo ipo, na mwajiri ndiye wa kuigharimia. Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni, usikamue jeraha, kisha kimbilia dawa za kuzuia VVU. Mwisho wake ni saa 72, lakini kila saa inayopita ni hasara.

Dada mmoja wa tawi letu alichomwa Ijumaa jioni. Simu ya ofisini haikupokelewa. Usiku ule hapakuwa na pikipiki, na kesho yake kituo cha karibu hakikuwa na dawa. Nauli ya boda boda ya kwenda mjini alikopeshwa na mgonjwa mwenyewe! Alianza dawa Jumapili asubuhi. Jumatatu mkubwa wake akamwuliza kwa nini hakuifunika sindano. Swali la bure. Sindano iliyotumika haifunikwi tena, hutupwa ilivyo katika kisanduku kigumu. Kisanduku hakuwa nacho kwa sababu hakupewa.

Tusisahau Ebola. Mlipuko uliotangazwa Mubende tarehe 20 Septemba 2022 uliwaambukiza wafanyakazi wa afya 19, na 7 wakafa. Homa ya namna hiyo hukaa nyumbani kabla ya kufika hospitali, na kabla serikali haijaipa jina. Basi glavu na barakoa ziwemo mkobani kila siku, si baada ya tangazo la redio.

Kuhusu mgongo nitasema machache: mgonjwa mzito hainuliwi na mtu mmoja. Waite jamaa zake.

Jambo ambalo wanawake hunieleza kwa sauti ya chini ni wanaume wa nyumba zile: mlevi anayefunga mlango, shemeji wa mgonjwa anayemshika mhudumu. Wengine wakiripoti huambiwa wavumilie, eti mgonjwa ndiye mkubwa. Sikubaliani. Uganda iliridhia Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani tarehe 7 Agosti 2023. Mkataba huo unahusu ukatili na unyanyasaji kazini, na unataja mahali pa faragha panapofanyiwa kazi, pamoja na njia ya kwenda na kurudi. Anayemshambulia mfanyakazi si lazima awe bosi.

Kwa hiyo katika mapatano tudai yaandikwe haya: nyumba iliyowahi kuleta matata iendewe na watu wawili; ofisi ijue nani yuko wapi na atarudi saa ngapi; muda wa maongezi ya simu ulipwe na mwajiri; na mhudumu aliyetoka kwa kuona hatari asikatwe mshahara. Wa kujitolea nao wamo. Wanaambiwa hawana mwajiri, lakini yupo anayewatuma na kudai taarifa zao kila mwezi. Huyo ndiye tutakayekaa naye mezani.

Ajali ikitokea, andika siku ile ile: tarehe, saa, kijiji, ulichokuwa ukifanya, na kifaa ulichokosa. Jina la mgonjwa usiliweke. Nakala moja mpe msimamizi, nyingine mpe katibu wa tawi, na zote mbili zitiwe sahihi ya kupokelewa.