Masomo mtandaoni Bujumbura: programu ni bure, gharama iko kwingine

Mwaka 2020 corona ilipofunga shule karibu dunia nzima, Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi chache zilizoacha madarasa wazi. Kenya ilifunga Machi, na ilikuwa Januari 2021 ndipo wanafunzi wote wakarudi. Uganda ilikaa karibu miaka 2 kabla ya kufungua kikamilifu Januari 2022. Huko, na Rwanda pia, walimu ambao hawakuwahi kufundisha nje ya ubao na chaki walilazimika kutafuta njia ya kumfikishia mtoto somo nyumbani. Bodi ya Elimu ya Rwanda iliwaelekeza wanafunzi kwenye jukwaa lake lililojengwa kwa programu ya Moodle. Nchini Kenya masomo yalipita redioni, kwenye televisheni na hata kwa ujumbe mfupi wa simu wa kampuni ya Eneza Education.

Watoto wa Bujumbura walibaki na walimu wao, nayo ilikuwa heri kwao. Lakini kwa anayefanya biashara ya majukwaa ya masomo, jambo hilo lina maana kubwa: soko la hapa halikusukumwa na dharura. Mkuu wa shule binafsi ya mtaa wa Rohero au Kinindo hanunui kwa hofu. Anauliza jukwaa litamsaidia nini, litamgharimu kiasi gani kwa muhula, na nani atakuja likikwama. Nadhani ndiyo maswali sahihi, na anayetaka kuuza Bujumbura ajiandae kuyajibu kwa hesabu.

Hesabu yenyewe huanza na jambo linalowashangaza wengi: programu nyingi nzuri hazina bei. Moodle, iliyobuniwa na Martin Dougiamas wa Perth, Australia, na kutoka toleo lake la kwanza mwaka 2002, huchukuliwa na kutumiwa bila leseni ya kulipia. Google Classroom ilikuja 2014, nayo shule iliyosajiliwa na Google haitozwi kwa huduma za msingi. Kolibri, ya shirika la Learning Equality la Marekani, ni bure pia, na ilitengenezwa makusudi kwa ajili ya mahali ambapo intaneti haifiki au haitabiriki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza na mifumo ya kigeni ya kulipia leseni, kisha kikahamia Moodle. Shule ya Bujumbura haina sababu ya kuipita upya njia hiyo ndefu.

Kinachouzwa basi ni vile vinavyoizunguka programu: seva, umeme, intaneti, mafunzo ya walimu na fundi wa kuitwa. Hapo ndipo pesa huenda, na hapo ndipo shule nyingi hukosea hesabu.

Tuchukue seva. Wauzaji wengi hupendekeza ikodiwe nje ya nchi, kwa dola. Shule ya Burundi hukusanya minervali, yaani ada, kwa faranga. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, na dola iliyokuwa karibu faranga 2,000 ikapanda hadi karibu 2,800 kwa bei rasmi, huku mtaani ikiuzwa ghali zaidi. Shule yenye deni la dola 600 kwa mwaka, nikichukua kiasi hicho kwa mfano, ilijikuta ikihitaji kama faranga 1,680,000 badala ya 1,200,000, bila kuongeza hata mwanafunzi mmoja wala somo moja. Tena hiyo ni kwa aliyepata dola benki kwa bei rasmi, jambo ambalo mfanyabiashara yeyote wa Bujumbura atakuambia si rahisi.

Intaneti ina hesabu yake. Burundi haina bahari, hivyo nyaya zake hupitia kwa majirani, hasa Tanzania na Rwanda, kufikia mikongo ya SEACOM, iliyoanza kazi 2009, na EASSy ya mwaka 2010. Ndani ya nchi mkongo wa taifa husimamiwa na BBS, kampuni iliyoundwa na watoa huduma wa hapa kwa msaada wa Benki ya Dunia, na Lumitel, Econet Leo na ONATEL huuza kwa wananchi. Mambo yamekuwa bora kuliko enzi za setilaiti pekee. Hata hivyo watumiaji wa intaneti nchini bado ni karibu mtu 1 kati ya 10, na kifurushi cha simu ni mzigo kwa mzazi wa mtaa wa Kinama au Buterere. Halafu Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Shule ambayo kila kitu chake kiko ng'ambo haina la kufanya siku kama hiyo ila kusubiri.

Nionyeshe tofauti kwa darasa moja. Mwalimu wa biolojia ana vidio ya dakika chache, yenye uzito wa megabaiti 50. Wanafunzi 80, idadi isiyomshangaza mtu katika shule za serikali za mji huu, wakiipakua kila mmoja kwa simu yake, zimetumika gigabaiti 4 kwa somo moja. Vidio hiyo hiyo ikipakuliwa mara moja, ikawekwa kwenye seva iliyomo shuleni, gharama ya intaneti ni zile megabaiti 50 tu. Wanafunzi huifungua kwa Wi-Fi ya ndani, na si lazima waitazame siku moja. Kifurushi chao hakiguswi.

Seva ya namna hiyo si chumba chenye viyoyozi. Inaweza kuwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayoenea kiganjani, kadi ya kumbukumbu, na ruta pembeni yake, vyote ndani ya kabati lenye kufuli na matundu ya hewa. Kwa pamoja hula kama wati 20. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa saa-ampea 100, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, inatoa kama saa-wati 600, yaani saa 30 za kazi. Hesabu hiyo ina uzito katika mji ambamo shirika la umeme, REGIDESO, linaweza kukata umeme katikati ya kipindi, na ambamo uhaba wa mafuta umeifanya jenereta kuwa tegemeo baya. Paneli moja ya sola ya ukubwa wa kati huijaza betri hiyo wakati wa mchana. Kompyuta za wanafunzi ndizo zenye njaa ya umeme, na ndiyo maana naona shule ianze na simu na tableti chache za kupokezana, maabara kamili ije baadaye.

Mfano mzuri uko jirani kabisa. Katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, iliyowahifadhi wakimbizi wa Kongo na Burundi, kuna madarasa ya Instant Network Schools, mpango ulioanzishwa mwaka 2013 na Vodafone Foundation pamoja na UNHCR. Darasa hupewa tableti, projekta, maudhui yaliyohifadhiwa papo hapo, sola na betri. Hupewa pia mwalimu aliyefunzwa kuwasaidia wenzake, na kwangu hilo ndilo lenye thamani kuliko vifaa vyote. Ikiwa kambi inaweza, shule za mitaa ya Ngagara na Kanyosha zinaweza.

Upande wa pili kuna funzo la Kenya, iliyoanza mwaka 2016 kusambaza tableti zaidi ya milioni 1 katika shule za msingi. Vifaa vilifika, lakini katika shule nyingi vilibaki vimefungiwa stoo, kwa sababu mwalimu hakuwa na muda, mafunzo wala ujasiri wa kuvitumia.

Mwalimu ndiye kiini cha biashara hii, naye hana nafasi katika ankara nyingi. Kupanga somo kwenye Moodle ni kazi halisi: kugawa mada kwa wiki, kupandisha maandishi, kuandika maswali na majibu yake, kuweka tarehe ya mwisho, kufuatilia nani hajafungua. Jaribio la maswali 20 linaweza kumla mwalimu jioni nzima. Faida huja baadaye, pale karatasi za wanafunzi 80 zinapojisahihisha, na mwaka unaofuata maswali yale yale yanapotumika tena. Lakini mwalimu anayefundisha asubuhi shule moja na alasiri nyingine ili atunze familia hawezi kuombwa atoe jioni hiyo bure. Shule inayotaka jukwaa liishi imlipe, au impunguzie vipindi muhula wa kwanza.

Kuna biashara nyingine ambayo haijaguswa inavyostahili, nayo ni maudhui. Mtoto wa Burundi hukutana na Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili katika shule ya msingi. Kolibri ina menyu za Kiswahili na Kifaransa, na masomo ya hesabu na sayansi kwa lugha hizo yapo. Kwa Kirundi, na kwa mtaala wa hapa unaoishia kwenye mtihani wa taifa wa mwaka wa 9, karibu kila kitu kitatengenezwa hapa hapa. Vijana wa Bujumbura waliosoma informatiki katika vyuo vya hapa, wakishirikiana na walimu wazoefu, wana bidhaa ambayo hakuna kampuni ya California itakayowashinda kwayo. Wazazi tayari hulipana kwa simu, kupitia Lumicash na EcoCash, kwa hiyo malipo madogo ya muhula, kwa faranga, yanawezekana. Serikali nayo, kupitia mradi wa PAFEN wa uchumi wa kidijitali unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, ingefanya vyema kununua kazi ya vijana hao kabla ya kununua vifaa vingi zaidi.

Naomba wakuu wa shule wasikubali mkataba wa dola wa miaka mingi kwa shule nzima. Wadai mkataba wa muhula kwa faranga, nakala ya alama na masomo yote ibaki mikononi mwa shule, na jina la fundi aliye Bujumbura, si namba ya simu ya nje. Mwaka wa masomo huanza Septemba. Julai na Agosti zinatosha kuandaa somo moja, la darasa moja, na mwalimu mmoja aliyelipwa. Likisimama hadi Krismasi, darasa la pili liongezwe.