"Shughuli Yako Nini?"

Ukifika Lyulilo Jumamosi, siku ya gulio, utawakuta akina mama wa Kikisi wakishusha vyungu kwenye mitumbwi kutoka Ikombe. Vijana nao wapo. Mmoja anabeba mizigo, mwingine yuko juu ya bodaboda ya mtu, anatafuta hesabu ya tajiri. Wengine wana vyeti vya ualimu, kama hiki ninachokisotea mimi hapa chuo. Waulize wanafanya nini, watakujibu: "Nipo nipo tu."

Jibu hilo lina gharama yake. Kanuni za uchaguzi wa serikali za mitaa, ule wa Novemba 27, 2024, zilitaka mgombea uenyekiti wa kijiji awe na miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika, awe mkazi, adhaminiwe na chama cha siasa, na awe na shughuli halali ya kumwezesha kuishi. Hapo kwenye shughuli ndipo penye mwiba. Kanuni haisemi uwe umeajiriwa. Kuvua usipa ni shughuli, kulima mpunga ni shughuli. Lakini kijana akishajitangaza kuwa yupo tu, anayetaka kumwekea pingamizi atafute nini tena?

Rafiki yangu mmoja (kijiji sikitaji) alichukua fomu. Kwenye kazi akaandika "sina ajira". Jina halikurudi. Na jamani, huyu anahudumia kakao ya babu yake kila msimu! Siku hizi ananitania: "Mwalimu, si ungenifundisha kuandika 'mkulima'?"

Sharti la chama nalo lina kesi yake. Mchungaji Christopher Mtikila alipigania mgombea binafsi hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ambayo mwaka 2013 iliamua kwamba katazo hilo linakiuka haki. Uchaguzi wa 2024 bado ulikuwa wa vyama tu.

Mlango usiodai chama wala shughuli ni mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe, na huko ndiko mapato na matumizi yanakosomwa. Huko pia unaweza kuuliza habari za ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, ambayo asilimia 4 ni fungu la vijana. Tatizo siku ya mkutano sisi tuko kijiweni.

Likizo hii namsindikiza yule rafiki. Swali lake la kwanza ni la mapato, ameshaliandika kwenye daftari.